Mlingoti Wangu Halali wa Futi Ishirini

Jumatatu, 19 Mei

Barua nyingine kutoka chama cha wenye nyumba. Ya tatu, na tumehamia hapa Quail Ridge, Arizona, wiki tano tu! Ya kwanza: pipa langu la taka liliwekwa barabarani mapema mno. Ya pili: changarawe ya uani kwangu ni ya rangi ya mchanga, inatakiwa rangi ya udongo. Nilichukua kokoto moja yangu na moja ya jirani, nikazitazama juani. Ni ileile. Ya leo ndiyo imeniumiza. Waya wa redio niliofunga juu ya paa ushuke kabla ya jioni. Antena haziruhusiwi. Sahihi: Rosalind Haverkamp, Mwenyekiti, Kamati ya Mandhari.

Huyu Haverkamp namfahamu. Mjane, miaka sabini na kitu, kofia ya jua pana kama ungo. Anazunguka mtaa mzima na kigari cha gofu, utepe wa kupimia kiunoni, kamera shingoni. Hakusalimii mpaka aangalie paa lako kwanza.

Verna mke wangu anasema nishushe tu waya, nimpigie Orval simu. Nimemweleza kwa mara ya mia. Orval Tveit yuko Montana, peke yake shambani, jirani wa karibu yuko maili kumi na moja. Miaka themanini na tatu. Masikio yake hayashiki tena maneno ya watu, kwenye simu anasikia mvumo basi. Ila mlio wa Morse anausikia mpaka leo, safi kabisa. Miaka thelathini na moja tumeongea kila alfajiri, mimi na yeye, kwa nukta na mistari. Hata kesho yake baada ya kumzika mkewe Nadine alikuwa hewani. Aliwahi kuniambia kwamba siku nisipotokea anakaa tu mezani mpaka kahawa inapoa, halafu hajui aifanyie nini siku iliyobaki.

Waya nimeushusha. Nimelia kidogo kule juu. Hakuna aliyeniona isipokuwa Haverkamp, naye alipiga picha.

Jumatano, 21 Mei

Siku ya pili bila Orval. Verna kasema nisizunguke jikoni kama mbwa aliyefungiwa nje.

Nimekaa nikasoma kitabu cha kanuni za chama, chote, mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Hapo nikaacha, maana nilikuwa nimeshapata. Bendera ya taifa! Chama hakiwezi kumkataza mtu kuipandisha. Sheria ya nchi yenyewe imekifunga mikono. Kinachoweza ni kupanga vipimo tu: mlingoti usizidi futi ishirini, bendera isizidi futi tatu kwa tano, iwe safi, isichanike. Hakuna mahali pameandikwa mlingoti uwe na nini tumboni.

Nimeagiza mlingoti mweupe wa plastiki ngumu, mtupu ndani. Waya utapanda humohumo. Nyaya nyingine nitazifukia chini ya changarawe, hiyo ya rangi mbaya. Verna kaniuliza tangu lini naipenda bendera kiasi hiki. Nikamwambia tangu kuzaliwa. Kaniangalia kama anavyoangalia maziwa yaliyopita tarehe.

Ijumaa, 23 Mei

Umesimama! Mweupe, mnyoofu, bendera inapepea, na ndani yake waya umelala salama.

Haverkamp kafika kabla saruji haijakauka. Kapima. Futi kumi na tisa na inchi kumi na moja. Kapima tena kutoka upande wa pili, labda mlingoti una upande mrefu. Nikaweka mkono kifuani nikamwambia babu yangu aliifia bendera hii. Babu yangu alifia harusini, kwa kula mbavu za nguruwe, lakini tai aliyovaa ilikuwa na nyota. Haverkamp kaandika kitu kwenye daftari, kapanda kigari chake, kaondoka. Hana pa kunishika.

Leo nimelala mapema kama mtoto wa shule anayengoja safari.

Jumamosi, 24 Mei

Saa kumi na nusu alfajiri, gereji, mlango umefungwa. Nimebonyeza jina langu la hewani mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Halafu huyo hapo, polepole, mkono wake uleule: "Ulikuwa wapi, mjinga wewe? Nimemwaga kahawa siku nne."

Nimecheka peke yangu mpaka machozi yakatoka. Tumeongea nusu saa nzima. Nimemsimulia kofia ya Haverkamp, nimemsimulia mlingoti. Kasema nitakufa jela. Nukta zake zilikuwa zinagongana, sijui kwa uzee au kwa kicheko.

Saa kumi na mbili kamili, kengele ya mlango. Nimeshtuka, nikajua nimekamatwa. Kumbe ni jirani wa ng'ambo ya barabara, Rubén Archuleta, mstaafu wa jeshi la majini. Miaka sabini na tisa, mgongo umenyooka kama rula, masikio makubwa. Amekuja kunipa mkono. Kasema tangu ahamie mtaa huu hajaona mtu akisimamisha mlingoti wa bendera mbele ya nyumba yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikatazama viatu vyangu.

Halafu kaanza kunirekebisha. Bendera haiachwi gizani. Ama ishushwe jua likizama, ikunjwe pembe tatu, ipandishwe tena asubuhi, ama imulikwe taa usiku kucha. Kanuni za chama zinasema hivyo, na hata zisingesema, ndiyo adabu. Kanifundisha kukunja. Tumekunja mara sita. Yake inatoka na kingo za kukata mkate. Yangu inatoka kama mto uliokaliwa.

Kukunja kila jioni, mimi? Mchana nimekwenda kununua taa.

Jumapili, 25 Mei

Taa inafanya kazi. Naiona dirishani, inaimulika bendera kutoka chini, inapendeza sana. Alfajiri nimemwambia Orval habari za Archuleta, kwamba ananisimamisha wima kama kuruta, na kwamba masikio yake ni kama mishikio ya sufuria. Orval kafurahi. Tumeingia kwenye mambo ya zamani, theluji, Nadine.

Verna kaenda Tulsa kwa dada yake mpaka Alhamisi. Kaniachia maagizo mawili. Nifue. Nisianzishe jambo.

Jumatatu, 26 Mei. Siku ya kuwakumbuka waliokufa vitani

Archuleta kaja asubuhi amevaa suti. Kasema leo bendera inapandishwa juu kabisa kwanza, halafu inateremshwa nusu mlingoti, inakaa hapo mpaka saa sita mchana, kisha inarudishwa juu. Tumeifanya pamoja. Bendera ilipofika nusu kasimama akataja majina matano, taratibu, jina moja moja. Hakueleza ni nani. Nimejisikia vibaya. Hapa nasema ukweli kwa sababu hii ni shajara: nilitaka kumwambia. Lakini kabla sijafungua kinywa akaingia garini, akaenda Phoenix makaburini. Atalala kwa binti yake huko mpaka Alhamisi.

Saa sita nimevuta kamba. Haiendi. Nimevuta tena. Kapi imekwama! Waya wangu umechomoka kwa juu na kujiviringisha kwenye kapi. Nikilazimisha, waya utakatika, na Orval atakatika nao. Ngazi yangu haifiki.

Nimeiacha nusu mlingoti. Nani atagundua?

Jumanne, 27 Mei

Wamegundua wote.

Saa mbili asubuhi mama wa nyumba namba kumi na mbili yuko mlangoni na sinia la viazi vya kuoka na jibini. Kanishika bega. Nikasema mama, kuna kosa hapa. Kasema nisijisumbue kuongea, nile tu, nguvu nitazihitaji. Mlango umefungwa, sinia ninalo mkononi, nimeduwaa. Ndipo nikapiga hesabu yao. Bendera nusu mlingoti siku ya pili. Gari la Verna halipo. Nami nimevaa shati jeusi, kwa sababu mengine sijafua.

Wanadhani Verna amekufa!

Nimeamua kumweleza wa pili atakayekuja. Wa pili alileta kuku wa uyoga. Nikaamua wa tatu. Kufika jioni masinia ni manne na mkate wa ndizi mmoja. Viazi vya namba kumi na mbili ni vitamu ajabu.

Jumatano, 28 Mei

Haverkamp.

Kaja kwa miguu, bila kigari. Kofia kaivua. Mkononi ana sinia la tambi na samaki wa tuna, juu kasagia vibanzi vya viazi. Analia, machozi ya kweli, pua nyekundu. Kasema barua zangu zote amezisimamisha siku thelathini kwa sababu ya msiba. Siku thelathini bila barua! Mtu mwaminifu angesema neno hapo. Mimi nilikohoa.

Kakaa sebuleni. Kanieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu Jumamosi mlango wa gereji yake unafunguka wenyewe kila alfajiri, saa kumi na nusu. Unafunguka, unafunga, unafunguka. Anawaza labda ni marehemu mume wake, Stanley, anafuata fimbo zake za gofu. Kaniuliza kama naamini waliotangulia huwa wanarudi kutuangalia.

Hapo nikaelewa. Ni redio! Kila ninapobonyeza, mlango wake unadhani umeitwa. Nikamshika mkono. Nikasema naamini kabisa, na kwamba Stanley siku zote alikuwa mtu wa kuwahi.

Stanley sikuwahi kumwona hata siku moja.

Alhamisi, 29 Mei

Alfajiri nimemweleza Orval. Kabonyeza: "Lyman, Verna yuko hai?" Nikajibu yuko Tulsa. "Waambie watu." Nikajibu leo mchana, baada ya chakula.

Ungekuwa mpango mzuri. Tatizo, Verna katoka Tulsa na ndege ya asubuhi. Gari lake alikuwa ameliacha uwanja wa ndege siku zote hizo. Saa tano na robo anaingia uani akivuta begi la magurudumu, na mbele ya mlango wamesimama watu tisa na Haverkamp na shada la maua meupe. Nimeona yote kupitia dirisha la jikoni. Mama wa namba kumi na mbili kapiga ukelele. Shada limeanguka. Verna kasimama katikati yao akauliza kwa upole nani amefariki. Wakageuka mmoja mmoja kutazama bendera, yeye naye akaitazama, halafu akanitazama mimi dirishani, uma ukiwa mdomoni.

"Lyman," akasema, "mimi nimekufa na wewe unakula?"

Nimejitetea kwamba sikumwambia mtu yeyote kuwa amekufa. Ni kweli tupu! Sikusema neno. Verna kasema ndiyo hasa kosa lenyewe.

Kanisimamia nikaosha masinia yote. Kisha kanituma niyarudishe, mlango kwa mlango, na maelezo. Milango kumi na mmoja. Kwenye wa saba walinitaka nirudie maelezo kwa sababu bibi alikuwa bafuni.

Archuleta karudi jioni. Kaja na ngazi yake ndefu, kapanda, kanasua kapi, bendera ikapanda. Kakaa kule juu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kashuka, kafuta mikono, kabeba ngazi yake, kaenda. Nadhani hakuona waya. Hawa wazee macho yamekwisha.

Jumamosi, 31 Mei

Jana barua. Niitikie wito Jumanne mbele ya kamati: kutumia bendera kinyume cha kanuni, na mlingoti wangu kuchunguzwa ndani na nje. Ikionekana ni antena, antena itang'olewa. Verna kasoma, kaikunja, kasema ikija barua nyingine atahamia Tulsa moja kwa moja, na safari hii watu wakileta chakula nile kwa haki.

Naogopa. Nimekaa gereji nikiangalia kibonyezo changu cha Morse na ninaogopa kweli. Kamati siiogopi, nimekwisha kuandikiwa barua na watu wakubwa kuliko wale. Namwogopea Orval. Alfajiri hii nimemsimulia yote, kama jana, Stanley na masinia na kila kitu, ila wito sikumtajia. Kaniuliza kesho saa ileile? Nikajibu saa ileile.

Saa moja asubuhi Archuleta kagonga. Kabeba kikombe chake cha kahawa. Kaketi.

"Jirani," akasema, "taa yako ina maneno mengi."

Nikamwambia ni waya wa umeme umelegea, nitaukaza.

"Jumapili ilisema masikio yangu ni kama mishikio ya sufuria."

Nimetamani changarawe inimeze. Kumbe miaka ishirini na miwili melini kazi yake ilikuwa hiyo hiyo: kusoma taa za Morse kutoka meli nyingine! Na taa yangu ya bei rahisi, kila nikibonyeza redio, inafifia na kuwaka, kufifia na kuwaka, herufi kwa herufi, mbele ya mtaa mzima. Mtaa mzima umelala, isipokuwa mwanamaji mstaafu mwenye kahawa dirishani.

Amesoma habari za waya, za kofia, za Verna wa Tulsa. Ameyasoma ya Stanley. Masikio hakuyajali. Stanley ndiye aliyemkasirisha. Kasema mjane hachezewi hivyo, na Jumanne nimwambie mwenyewe, mbele ya watu, la sivyo atamwambia yeye. Bendera hakuitaja kabisa. Ingekuwa afadhali angeitaja.

Kafika mlangoni, kageuka. Sauti ilikuwa nyingine.

"Taa inanionyesha maneno yako tu, ya yule mzee wa Montana siyaoni. Ulipomuuliza kama Nadine aliipenda theluji. Alijibu nini?"

Nikamwambia alijibu kwamba aliichukia miaka hamsini na miwili, na kila mwaka alikuwa wa kwanza kutoka nje kuitazama. Archuleta katikisa kichwa taratibu. Kasema amekaa na swali hilo wiki nzima.

Jumanne, 3 Juni

Ukumbi wa mikutano, saa moja jioni. Mpango wangu ulikuwa kamili. Tai ya nyota. Bendera ndogo mfukoni mwa koti. Machozi kwenye aya ya pili. Verna mstari wa mbele, mikono kifuani. Archuleta nyuma kabisa, wima.

Nikaanza na babu yangu aliyeifia bendera. Archuleta kakohoa. Nikaanza tena na babu. Kakohoa tena, na Verna naye kakohoa. Basi. Nikasema yote. Waya tumboni mwa mlingoti. Orval. Mlango wa gereji. Nikamgeukia Haverkamp nikamwambia si Stanley anayefungua, ni mimi, na kwamba naomba radhi.

Haverkamp kavua miwani.

"Stanley hakuwahi kuamka kabla ya saa tatu asubuhi maisha yake yote," akasema. "Nilitaka nione utaniacha nikuambie hadithi mpaka wapi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Akanitazama, nikaacha.

"Lakini kifo cha Verna nilikiamini," akasema. "Nililia kweli, bwana Strickler. Na tambi zangu ulikula."

Hapo hakuna aliyecheka. Nilikuwa na jibu zuri la kisheria na nimelisahau.

Uamuzi: mlingoti ubaki, bendera ibaki, taa ibaki. Waya utoke kesho. Sheria inailinda bendera, haimlindi mtu aliyejificha ndani yake. Haverkamp kalisoma hilo bila kunyanyua macho. Nikasimama. Sijui kwa nini, mpango haukusema nisimame. Nikasema kuna mtu Montana, ana miaka themanini na tatu, keshokutwa alfajiri atakaa mezani na kahawa yake na hatasikia kitu, na keshokutwa nyingine vivyo hivyo, na hana mtu mwingine wa kusema naye katika dunia hii. Nikasema nifanyieni lolote, lakini huyo hakuvunja kanuni yoyote. Machozi yakanitoka, na hayakuwa yale ya aya ya pili.

Haverkamp kafungua faili, katoa karatasi moja, kaisukuma mezani mpaka mbele yangu. Fomu namba tisa. Maombi ya waya mwembamba wa redio, chini ya ukingo wa paa, usioonekana kutoka barabarani. Jina, namba ya nyumba, sahihi. Majibu ndani ya siku mbili. Imo kwenye kitabu cha kanuni, ukurasa wa thelathini na mbili.

"Kwa nini hukuomba tu?" akaniuliza.

Nimefikiri mpaka sasa ni usiku. Haki ya Mungu, haikunijia kichwani.

Ijumaa, 6 Juni

Fomu imepita jana. Haverkamp mwenyewe kaja na utepe, kapima urefu wa waya chini ya ukingo wa paa, kasema sawa. Mlango wa gereji yake kaubadilishia kifaa cha kupokea. Bado hanisalimii. Verna kamwalika chai, wamekaa saa mbili wakinicheka, nimewasikia.

Alfajiri Archuleta kaja gereji. Nikampa kibonyezo. Kakishika kwa vidole viwili, halafu kaanza, na jamani, huyo mtu ana mkono! Laini, sawasawa, hauna kigugumizi. Orval kauliza mara moja: "Nani huyu anayejua kazi?" Wameongea dakika arobaini. Mimi nilitumwa kahawa. Orval kasema miaka thelathini na moja amekuwa akisikiliza kuku akiparua, leo ndiyo amesikia binadamu.

Nimefurahi kwa ajili yao. Nimefurahi sana. Nimezima redio dakika tano kabla ya wakati.

Jumamosi, 14 Juni. Siku ya Bendera

Orval alfajiri hii. Kazungukazunguka kwanza, hali ya hewa, ng'ombe wa jirani. Halafu kasema daktari amemkataza kukaa peke yake shambani majira ya baridi. Kisha kauliza, kama mtu anayeuliza saa, huku Arizona kuna joto lini mpaka lini, na je, nyumba yetu ina vyumba vingapi. Nikabonyeza NJOO kabla hajamaliza. Nukta zake ziligongana tena, na safari hii najua haikuwa kicheko. Nikamwambia Verna. Naye kasema aje kabla sijamaliza sentensi, akaingia kukipima kitanda cha chumba cha wageni.

Kikwazo ni chama. Mgeni haruhusiwi kuzidi siku kumi na nne! Verna kaenda kwa Haverkamp mchana huohuo, karudi na fomu namba kumi na moja. Mgeni wa muda mrefu, mtu mzima, sababu za afya. Jina, umri, sahihi. Haverkamp kamwambia itapita siku ileile, na kwamba atapika tambi. Verna kaiweka mezani mbele yangu, na kalamu juu yake, kaenda kulala.

Fomu! Na wakikataa je? Hapo watakuwa wameshajua jina lake. Hapana. Nimepata kitu bora. Kofia mbili za aina moja. Miwani ya jua miwili. Mashati manne ya miraba, mawili kila mtu. Nje anatoka mmoja kwa wakati, mwingine yuko ndani, na Haverkamp kwenye kigari chake atahesabu Strickler mmoja tu mpaka Aprili. Akimwita Orval, Orval hatamsikia, nami siku hizi simjibu, kwa hiyo hakuna tofauti. Ratiba ya nani anatoka siku gani nimeichora kwa ile kalamu nyuma ya ile fomu, pana nafasi nzuri. Kilichobaki ni unene. Orval ni mara moja na nusu yangu, na mpaka baridi imebaki miezi mitano tu. Nimeanza usiku huu na pai nzima ya tufaha.